Tuta Lisilouzwa

Pili wa Mlali alikuwa na wivu, na wivu huo aliuelekeza kwa mtu mmoja tu: jirani yake Esther, mama Faraja.

Kila asubuhi Pili na mumewe Abeid walichuma mchicha na matembele, wakafunga mafungu ya kupeleka sokoni Morogoro. Nyumbani halikubaki hata jani. Mtoto wao Said, wa miaka minne, aliachiwa soda, biskuti na simu yenye katuni. Pili aliona hayo ndiyo mapenzi. Mboga za majani aliziona chakula cha shida.

Siku moja mwalimu wa chekechea alimwambia mbele ya kina mama wengine, "Said anasinzia tangu asubuhi. Tena analia meno. Mbona Faraja, rika lake, anachangamka?"

Pili aliwaka. Akaenda moja kwa moja kwa Esther.

"Mama Faraja, unampa nini mwanao? Kama ni dawa, usinifiche!"

Esther akacheka. "Dawa gani, Mama Said? Karibu chakula."

Kwenye sinia palikuwa na ugali, dagaa na matembele ya karanga. Baba Faraja akamega, Faraja akamwangalia, naye akamega.

"Matembele? Si ndiyo haya ninayouza!"

"Ndiyo hayo. Unalisha watu wa mjini, wako unampa soda. Kliniki walitueleza: sukari inaozesha meno na kuua hamu ya chakula. Na mtoto anakula anachoona wakubwa wanakula. Baba Said anakula mboga?"

Abeid hakuwahi kuzigusa.

Jioni Pili akamwekea mumewe sahani ya matembele.

"Kwani mimi mbuzi?" Abeid akang'aka.

"Leo kuwa mbuzi. Mwanao anakutazama."

Abeid akatafuna huku amekunja uso. Said akacheka, akaonja, akatema. Siku ya tano hakutema.

Tangu hapo tuta moja la mboga halikuuzwa. Soda ikaisha nyumbani. Said akatibiwa meno, akapigishwa mswaki asubuhi na kabla ya kulala. Simu ikafichwa, akaachwa akimbie nje.

Muhula uliofuata mwalimu akalalamika, "Said siku hizi hakamatiki! Anaimba kuliko wote."

Pili akageuka kumtazama Esther, aliyekuja kumchukua Faraja.

"Mwalimu, hebu rudia kwa sauti. Mama Faraja hakusikia vizuri."