Kidomo cha Mzee Hieronim

Asubuhi ile kidomo cha saksafoni, kile kipande cha kupulizia, kilikutwa kimelowa mate, kinanuka tumbaku na udongo, na Ludomir hakuwa amekigusa tangu juzi. Alikifuta kwa shati, akajifanya hajaona.

Alikuwa amekiiba kwenye jeneza. Mwalimu wake, mzee Hieronim, aliusia azikwe nacho. Wanamuziki wa Krakow walipopita kumuaga, Ludomir aliinama kumbusu paji la uso, akainuka na kidomo ndani ya mkono wa koti. Tangu hapo nyota yake iling'aa: santuri, safari za Paris na Stockholm, picha magazetini. Na tangu hapo kila akipiga, kifua cha mkewe, Bogna, kililia kama birika linalochemka.

"Kuna mzee ananikalia kifuani," Bogna alinong'ona. "Ananivuta pumzi kwa mdomo wake. Mrudishie chake, mume wangu, nakuomba."

"Kesho ni Siku ya Marehemu. Nitampelekea kaburini, haki ya Mungu."

"Lakini usipige."

"Sipigi."

Kesho yake makaburi yaliwaka mishumaa, na kama ilivyo ada, wanamuziki waliwapigia wenzao waliotangulia. Ludomir alikuwa ameshachimba kishimo kando ya jiwe la Hieronim watu walipomtambua, wakamwita kwa jina lake la mkato.

"Ludek! Mpigie mzee moja tu!"

"Au umeshakuwa mkubwa mno kwetu, bwana?"

Bogna alimshika koti, akatikisa kichwa. Ludomir alimtazama mkewe, akautazama umati, na Mungu amlaani, akatwaa saksafoni ya mwenzake, akachomeka kidomo, akakitia kinywani, na muziki uliotoka ulikuwa mtamu hata wanaume wazima wakavua kofia wakalia, na kadiri ulivyopanda ndivyo harufu ya udongo ilivyopanda nao, na midomo ya baridi ikalala juu ya midomo yake, na nyuma yake akasikia kifua cha mkewe kikivuta, kikivuta, kikikwama, na angeweza kuacha, maana hakuna aliyemlazimisha, lakini hakuacha mpaka wimbo ulipoisha.

Makofi yalilipuka. Bogna alikuwa ameanguka katikati ya mishumaa, mdomo wazi.

Ludomir alimlilia kwelikweli. Kisha akakifukia kile kishimo kikiwa kitupu.

Kabla theluji haijayeyuka alikuwa ameshaoa tena. Safari hii alimchagua muogeleaji, binti mwenye pumzi ndefu.