Sahihi Yangu Kwenye Mtungi Uliolipuka

"Tunamwita shahidi wetu wa kwanza," wakili wa kampuni alisema, huku anafunga kifungo cha koti lake.

Mlango ukafunguliwa...

Jamani! Aliyeingia alikuwa Mjomba.

Mikono yote miwili imefungwa bandeji mpaka kwenye viwiko. Upande wa kushoto wa uso ngozi imekunjamana, bado mbichi, inang'aa. Na amevaa sare mpya ya kampuni, bado ina mikunjo ya kutoka kwenye mfuko.

Nilidhani amekosea mlango.

Kwa sababu Mjomba alikuwa shahidi WANGU.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, msije mkanielewa vibaya.

Nilikuwa mkaguzi kwenye kiwanda cha kujaza mitungi ya gesi ya kupikia. Mtungi ukirudi kutoka mtaani na muda wake wa kupimwa umepita, tunaujaza maji, tunaufunga kwenye mashine, tunausukuma kwa presha kubwa. Ukivimba au ukivuja, unakatwa vipande. Ukistahimili, napiga mhuri shingoni, najaza fomu, naandika namba ya presha, natia sahihi.

Bila sahihi yangu mtungi hautoki getini. Nilitembea na kalamu mfukoni kama askari na bunduki yake!

Mjomba hakuwa ndugu yangu wa damu. Kiwanda kizima kilimwita hivyo. Ndiye alikuwa mzee wa sehemu ya kujazia, na ndiye aliyenipokea siku ya kwanza, wenzangu wakiwa wananicheka kwa sababu helmeti ilinifika puani.

Aligonga mtungi mmoja kwa spana, akagonga wa pili.

"Sikiliza, binti yangu. Mzima unalia. Mbovu unakohoa."

Miaka sita alinilea pale. Nilipofiwa na mama, aliomba ruhusa ya siku tatu akaja kusimamia shughuli kama vile ni dada yake aliyefariki.

Sasa mwaka jana, mashine ya kupimia ikafa.

Nikaenda kwa meneja.

"Bosi, mashine imekufa. Tusimamishe mitungi iliyopitwa na muda?"

Akacheka. "Tusimamishe watu wasipike? Kagua kwa macho. Kipuri kiko njiani."

"Na fomu? Kuna kisanduku cha presha."

"Jaza kama kawaida."

"Basi naomba uniandikie hilo, hata kwa ujumbe tu."

Alinitazama kama nimemtukania mzazi.

"Kuandikiana? Sisi hapa si familia?"

Nilijua kabisa kwamba nilitakiwa kugoma. Lakini neno "familia" lilinifunga mdomo, na nikajiambia ni siku mbili tatu tu.

Nikasaini.

Sitawadanganya, wala sitajisafisha hapa. Nilisaini wiki tatu nzima! Kwenye kisanduku cha presha niliandika namba ileile ya siku zote, kwa mkono wangu, kwa wino wa bluu. Nikitaka kumwandikia kuhusu kipuri, meneja anasema, "Hilo usiliandike, nipigie." Nikipiga, hapokei.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, nilisikia mlio.

Haukuwa mkubwa kama mnavyodhani. Ulikuwa kama mtu amepasua kitambaa kinene. Kisha joto, kisha watu wakipiga kelele, "Mjomba! Mjomba yuko ndani!"

Mtungi ulipasuka kwenye mshono wa kuchomelea wakati anaujaza. Gesi ikakuta cheche mahali, ikawaka. Alitoka anatembea mwenyewe, ameinyanyua mikono mbele kama mtu aliyebeba sinia. Hakulia. Aliuliza tu, "Wenzangu wote wametoka?"

Moto ulipozimwa nilikwenda kuangalia shingo ya ule mtungi.

Mhuri wangu.

Siku ya tatu, kampuni ikabandika taarifa ukutani. Chanzo cha ajali: mfanyakazi kuvuta sigara eneo lisiloruhusiwa.

Mjomba?! Mtu aliyekuwa anafukuza watu na sigara zao mpaka nje ya geti?

Nikaenda hospitali mchana huohuo. Nilikuta amelala chali, uso umepakwa dawa nyeupe.

"Binti yangu, wanasema nilikuwa navuta sigara."

"Nimesoma, Mjomba."

"Mimi?"

Nikashindwa kujizuia. Nililia pale nikamwambia kila kitu. Mashine, fomu, wino wa bluu. Nilitegemea anifukuze. Alisubiri muuguzi aingie atoke, ndipo akauliza.

"Ulijua mtungi ule ni mbovu?"

"Sikuupima, Mjomba. Ndiyo maana sikujua."

"Utasema?"

"Nikisema na mimi nimekwisha. Sahihi ni yangu."

"Nimekuuliza utasema?"

"Nitasema."

"Basi ukisema, mimi niko nyuma yako. Nikiweza kusimama, nitakuja kusimama mwenyewe."

Hayo ndiyo maneno niliyotoka nayo hospitali.

Nilikwenda ofisi ya wakaguzi wa usalama kazini. Niliandika kurasa nne. Sikujiacha nje, niliandika na makosa yangu yote. Afisa alizisoma, akanipa mkono, akasema wafanyakazi wa aina yangu ni wachache. Nilitoka pale nimevimba kichwa, nikadhani nchi nzima iko upande wangu!

Wakaguzi walikuja baada ya siku tisa. Lakini kwanza walituma barua ya kutaarifu kwamba wanakuja.

Walipofika, mashine ilikuwepo, inanguruma, imepakwa mafuta. Ya kuazima. Waliitazama, wakapima mitungi mitatu, wakaandika "hali ni ya kuridhisha", wakanywa soda, wakaondoka. Kesho yake mchana niliona kwa macho yangu inapakiwa kwenye lori kurudi ilikotoka.

Keshokutwa yake nikapewa bahasha. Nimeachishwa kazi. Uzembe uliosababisha madhara, na kutoa siri za kampuni nje.

Niliuliza wamejuaje. Meneja akageuza karatasi juu ya meza yake nizione.

Kurasa zangu nne. Kopi! Na mhuri wa ofisi ya wakaguzi juu yake.

Sasa mnaelewa kwa nini nilikuwa kwenye baraza la usuluhishi wa kazi. Nilifungua shauri kwamba nimefukuzwa kwa sababu nimesema ukweli. Mtu wa chama cha wafanyakazi aliyetakiwa kunisimamia alinitumia ujumbe asubuhi ileile, ana udhuru. Nilibaki na kitu kimoja tu, Mjomba.

Na Mjomba ndiye huyo ameingia kama shahidi wa kampuni.

Wakili alimvutia kiti. Kwa upole, kama mtoto kwa baba yake.

"Mzee, ajali ilitokana na nini?"

Mjomba alitazama bandeji zake.

"Nilikuwa navuta sigara."

"Na mtungi ulikaguliwa na nani?"

Mjomba akageuza uso ukutani.

"Mzee?"

"Na huyu binti."

"Uliwahi kusikia meneja akimwagiza asipime?"

"Sijawahi."

Msuluhishi, mama mmoja wa makamo mwenye miwani, akanigeukia. "Una swali kwa shahidi?"

Nilisimama. Nilikuwa nimeandaa maswali ishirini, yote nikayasahau.

"Mjomba... unavuta sigara gani?"

Akapepesa macho.

"Zile... zile nyeupe."

Mtu mmoja nyuma akacheka, akajifanya anakohoa. Hata msuluhishi aliinua uso. Nikadhani, haya, sasa wameona!

Wakili akasimama taratibu. "Mheshimiwa, hatupo hapa kujadili aina ya sigara. Swali ni moja. Sahihi hizi ni za nani?"

Akanisogezea fomu. Wiki tatu nzima.

"Za kwako?"

"Ndiyo."

"Kuna mtu alikushika mkono ukisaini?"

"Hapana. Lakini meneja aliniambia..."

"Kwa barua?"

"Hapana."

"Kwa ujumbe wa simu?"

"Hapana, alisema tu kwa mdomo."

"Sina swali lingine."

Uamuzi haukuchukua hata wiki. Nilishindwa. Iliandikwa kwamba nilipitisha mitungi bila kuipima, kwa hiari yangu, na kwamba kampuni ilikuwa na haki ya kuniondoa. Karatasi ile sasa inanitangulia kila ninapoomba kazi. Na mkataba wangu wa zamani una kipengele kinachonikataza kutaja jina la kampuni. Ndiyo maana hamlioni hapa. Msinilazimishe kwenye komenti, tafadhali.

Siku ile ya ushahidi nilimkuta Mjomba kwenye korido. Alikuwa amesimama mbele ya mlango wa choo, anausukuma kwa bega. Hakuweza kuzungusha kitasa.

Nilimfungulia.

Alipotoka, hakuniangalia.

"Kampuni walisema nisipokubali, matibabu yanaishia hapo nilipofika," aliniambia. "Mikono inahitaji kupandikizwa ngozi mara mbili tena. Wakasema pia binti yangu wa kuzaa watampa kazi. Ana miaka minne nyumbani tangu amalize chuo."

"Na mimi, Mjomba?"

"Wewe ulishaanguka, binti yangu. Nikaona angalau mmoja wetu asimame."

Nilitaka kumchukia. Niaminini, nilijitahidi. Lakini nilikuwa namtazama mtu ambaye mikono yake niliichoma mimi kwa kalamu yangu... ningemwambia nini?

Nikamfungulia na mlango wa nje. Akaondoka.

Miezi saba ikapita. Sasa hivi niko kwenye duka la dada yangu, natoa kopi na kubana vitambulisho vya watu kwenye plastiki. Dada hasemi kitu, lakini shemeji ameanza kuuliza nitakaa kwao mpaka lini.

Wiki mbili zilizopita, saa sita mchana, akaingia msichana mmoja mwembamba. Ana koti la ukaguzi. Kalamu mfukoni.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Unatoa kopi?"

"Hapana. Mimi ni binti yake... pale kiwandani mnamwita Mjomba."

Nikaacha mashine.

"Baba hajambo?"

"Hajambo kidogo. Mkono mmoja umeanza kushika kijiko." Akatazama mlangoni, akashusha sauti. "Dada, nimepewa kitengo chako."

"Kitengo changu kipi?"

"Cha kupima mitungi."

Nilikaa kwenye kiti cha wateja. "Baba yako anajua?!"

"Anajua niko ofisini. Tafadhali usimwambie, atakufa."

"Mashine je? Walinunua?"

Akatikisa kichwa. Hakuna.

Hapo nikaamini kwamba Mungu amemleta. Nikajua amekuja kuniuliza afanyeje agome. Nikamvuta nyuma ya duka, nikamweleza yote kuanzia mwanzo. Nikamweleza nilivyoomba kuandikiwa nikaitwa familia. Nikamweleza baba yake alivyotoka kwenye moto ameinyanyua mikono. Alilia mpaka kola ya koti ikalowa. Mimi pia nililia.

"Usisaini hata mtungi mmoja," nikamwambia. "Leo rudi, waambie wakuandikie. Wakikataa, toka."

"Wakinitoa, na matibabu ya baba yanasimama. Wameniambia wazi."

Nikamshika bega.

Akafuta uso kwa kiganja. Akatoa simu yake, akafungua sehemu ya kuandika.

"Nimekuelewa, dada. Lakini mimi nilikuja kwa jambo moja tu."

"Lipi?"

"Kile kisanduku cha presha... wewe ulikuwa unaandika namba ngapi?"

Nikamtazama. Sikuamini masikio yangu.

"Mimi naandika ya kubahatisha," akasema haraka, "na meneja amesema hazifanani na za zamani. Mkaguzi akija ataona. Naomba tu hiyo namba."

"Umeshaanza kusaini?"

"Mwezi wa pili sasa."

Ndugu zangu, sikumpa. Nilikataa. Alinishukuru kwa heshima zote, akanyoosha koti lake, akatoka. Lakini nilimdanganya nani? Makabati ya pale yamejaa fomu zangu. Akifungua droo moja tu ataiona, kwa wino wa bluu, mwandiko wangu mzuri.

Nimeenda tena ofisi ya wakaguzi. Afisa yule yule. Safari hii hakunipa mkono. Alisema shauri langu limefungwa, na mtu aliyekutwa na hatia ya uzembe hawezi kuwa mlalamikaji wa kuaminika.

Nimempigia Mjomba mara mbili. Mara zote nilipomsikia akisema "Haloo, binti yangu," nilikata.

Mtaniuliza somo ni nini. Somo ni hili, wewe unayesoma hapo ukiwa kwenye mapumziko ya kazi. Siku bosi atakapokwambia saini tu, mengine tutaongea, siku hiyohiyo ya kwanza ndipo unapoweza kukataa. Mimi niliipitisha, na sasa kila neno la kweli ninalosema linasomwa chini ya sahihi yangu.

Na kama mtungi wenu umebadilishwa juzi, uangalieni mshono wake.