Bendeji ya Mguu wa Kushoto

Rafiki yangu mmoja, muuguzi wa wodi ya majeruhi, siku hizi ukimtajia bahari anaondoka. Walikwenda kisiwani na mumewe kupumzika, wakakodi ubao wa kuteleza juu ya mawimbi. Kamba ya kuufunga mguuni ilikuwa imelegea. "Lete mguu, baba watoto," akasema, akatoa bendeji mkobani, akaibana kamba kwenye mguu wa kulia. Akazungusha mara tatu, ncha akaikunja kwa ndani. Wodini humcheka, hakuna mwingine anayefunga hivyo.

"Hii hata jini haifungui!" mume akatania.

Ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali. Mume akaingia majini na ubao, mke akabaki ufukweni. Wimbi likamnyanyua mume likambwaga mwambani. Ubao ukapasuka kwa mlio kama wa mfupa. Wimbi la pili likampigiza palepale, la tatu likamburura kifudifudi juu ya matumbawe, maji yakawa mekundu. Mke akajitosa, akaikamata kamba, akavuta. Na kule chini, kitu nacho kikavuta. Walimgombania mpaka viganja vya mke vikachanika, ndipo kikaachia ghafla.

Akamlaza mchangani, akamkandamiza kifua mpaka akatapika maji na damu. Alikuwa hai. Akashuka miguuni kukagua majeraha. Bendeji ya kulia ilikuwepo. Mguu wa kushoto, ambao hakuufunga kitu, nao ulikuwa na bendeji, kuukuu, imeota ukijani, chaza wadogo wameigandia. Ilizungushwa mara tatu, ncha imekunjwa kwa ndani.