Kisigino cha Kushoto, Mlima Kindoroko

Kila Nakijwa Mfinanga alipokanyaga kwa mguu wa kushoto, kano ya kisigino ilivutika milimita tisa, ikarudi, na kisikizi kikaandika. Kiliandika hivyo mara themanini na nane kwa dakika. Kilikuwa kitambaa chembamba kilichobana mguu kutoka kifundo hadi chini ya goti, kimefumwa kwa nyuzi nyembamba kuliko unywele. Kila uzi ulisikiliza jambo moja: mtetemo wa kano, joto la msuli, au umeme mdogo unaopita msuli unapokaza.

Chini ya miguu yake kulikuwa na kilima-mjongeo, mkanda wa mita arobaini ulioinuliwa na nguzo kumi na mbili zinazopanda na kushuka. Mtambo huo uliweza kuiga mteremko wowote uliowahi kupimwa. Asubuhi hiyo uliiga kilomita ya kumi na saba ya Mbio za Kindoroko, kipande ambacho barabara inaacha mashamba ya migomba na kuinama juu kama ngazi. Nje ya madirisha, Jiji la Mwanga la mwaka 2094 lilikuwa limekwisha kuamka. Mabehewa ya kamba yalipeleka watu Usangi kwa dakika kumi na moja, na mashine-mkulima zilikata matuta kwenye mabega ya milima. Usangi palifikika bila jasho, na pengine ndiyo sababu watu wapatao elfu mbili walijiandikisha kila mwaka kupanda kwa miguu yao.

Mkanda ulisimama. Sauti ya kisikizi ikasema sikioni mwake, "Alama ya utayari, tisini na moja."

Kanuni ya mashindano ilidai sabini. Nakijwa aliijua vizuri, maana kanuni hiyo aliiandika yeye, na kisikizi alikiunda yeye. Alikuwa mhandisi wa miaka arobaini na mitatu aliyejaribu kufika kilele cha Kindoroko mara tatu akashindwa mara tatu: mwaka wa kwanza msuli wa nyuma ya mguu, wa pili goti, wa tatu kisigino hikihiki, hapohapo kilomita ya kumi na saba. Zilibaki siku kumi na moja. Mwaka huu alitaka kufika, na kwa mujibu wa vipimo vyote angefika.

Alishuka kwenye mkanda, akachechemea mpaka chumba cha tabibu wa viungo.

Tabibu aliitwa Ndewirwa Mringo, Mchaga wa miaka sitini na mmoja, mwenye vidole vinene na subira isiyo na haraka yoyote.

"Shikamoo, Mchaga."

"Marahaba, Mpare. Habari za asubuhi?"

"Nzuri."

"Za nyumbani?"

"Salama."

"Za mguu?"

"Nzuri tu."

Ndewirwa alivuta kiti, akakaa, akakunja mikono. Alitazama dari kana kwamba amelipwa kuhesabu mbao zake.

"Ila," Nakijwa akasema, "kisigino kinawaka. Nikitoka kitandani natembea kama bata hatua ishirini za kwanza."

"Ahaa! Huyo sasa ndiye mgonjwa niliyekuwa namngoja. Yule wa kwanza tulikuwa tunasalimiana tu." Aliushika mguu, akabonyeza kano kwa kidole gumba. Nakijwa akaruka. "Tangu lini?"

"Wiki ya sita hii."

"Na mashine yako inasemaje?"

"Tisini na moja."

"Kati ya mia mbili?"

"Usinichekeshe, naumia."

"Sikuchekeshi, nauliza. Kano imevimba unene wa kidole changu, na vidole vyangu unavijua. Kitambaa chako kimesikia nini wiki sita zote hizo?"

"Kimesikia kila kitu. Kinapima mara elfu kwa sekunde."

"Basi kina masikio mazuri na akili ndogo. Miaka thelathini na minne natibu watu wa milima hii. Hakuna aliyewahi kuniambia anaumwa kabla ya salamu ya tatu. Mmoja aliletwa hapa mfupa umevunjika, unaonekana, akaniambia salama."

"Huyo alikuwa Mchaga."

"Alikuwa Mchaga, nakubali. Mpare angekuja na wakili."

Nakijwa alicheka, halafu akaacha kucheka. Aliuondoa mguu mikononi mwa tabibu taratibu, akavaa kiatu bila kufunga kamba.

"Unakwenda wapi? Sijamaliza."

"Nakwenda kuhesabu," alisema.

Ili kosa lake lieleweke, inafaa kueleza jinsi kisikizi kinavyojifunza. Mtetemo wa kano peke yake hauna maana. Kano ya mtu mmoja hutetemeka sana ikiwa nzima. Ya mwingine hutetemeka vilevile ikiwa inachanika. Kwa hiyo kila asubuhi kisikizi humuuliza mwenye mguu hali yake, hulinganisha jibu na mtetemo wa siku ile, na baada ya miezi kadhaa huwa kimejua mtetemo upi ni uzima na upi ni maumivu. Jibu la mtu ndiyo kweli. Mtambo wote umejengwa juu ya jibu hilo.

Kifaa cha kwanza, kilichobuniwa ng'ambo, kiliwataka watu wataje namba kutoka sifuri hadi kumi. Watu wa Mwanga waliokijaribu walilalamika kwamba kinawahoji kama polisi. Nakijwa akabadilisha swali. Akaweka sauti ya mama mtu mzima, yenye upole, inayosema, "Habari za mguu?" Malalamiko yakaisha. Alijivunia sana sentensi hiyo. Aliwahi kuieleza mbele ya wahandisi mia tatu.

Sasa alifungua kumbukumbu. Watumiaji walikuwa elfu sita mia moja na kumi na wawili. Majibu yao yalikuwa zaidi ya milioni moja. Katika kila majibu mia, tisini na sita yalikuwa nzuri, njema, salama, au hazijambo. Kundi moja tu lilikuwa na vipimo vinavyolingana na hali halisi ya miguu yao: wanafunzi wa darasa la kwanza katika shule tatu za Usangi, ambao walijibu "mbaya" bila aibu, kwa kuwa adabu ilikuwa bado haijawakolea.

Kulikuwa na jambo la pili. Ili kutunza umeme, kisikizi kilifunga sikio lake sekunde mbili baada ya swali. Katika ghala la majaribio Nakijwa alikuwa na sauti kamili za watu mia tatu na arobaini, zilizorekodiwa bila kukatwa. Alizisikiliza moja baada ya nyingine, kalamu mkononi. "Nzuri," alisema dereva mmoja, akanyamaza, akakohoa, akaongeza, "ila goti hili tangu juzi sijui lina nini." "Nzuri, tunamshukuru Mungu," alisema muuza nyanya, "ni huu unyayo tu, ukikanyaga ni kama mwiba." Nakijwa alipima muda kwa kila mmoja. Neno "ila," au lolote la namna yake, lilifika kwa wastani wa sekunde nne na sehemu mbili za kumi.

Kisikizi hakikudanganywa na mtu. Kilifundishwa, kwa bidii na kwa adabu, kwamba maumivu ndiyo uzima.

Alifanya kazi siku tatu. Alitumia sauti kamili kuufundisha mtambo upya, kisha akaurudishia vipimo vyote vya miaka miwili usome tena. Alasiri ya siku ya tatu matokeo yalitoka. Kati ya washiriki elfu moja mia tisa na arobaini, mia mbili na kumi na wawili walishuka chini ya sabini. Jina lake lilikuwa la mia na tatu katika orodha hiyo. Alama yake, hamsini na nane.

Ilikuwa hesabu sahihi. Aliikagua mara mbili akitafuta kosa, kwa nia mbaya, na hakulipata. Akampigia simu mwenyekiti wa kamati ya mashindano, Bwana Kiangi.

"Unaniambia watu mia mbili wavuliwe namba za mbio, zimebaki siku nane?"

"Mia mbili na kumi na wawili."

"Na sisi tukisema tutumie alama za zamani, halafu hizo mpya zianze mwakani? Nani atajua?"

"Kano zitajua, Bwana Kiangi."

Ilisikika pumzi ndefu. "Na wewe je, umo?"

"Nimo."

"Eh! Pole. Basi hapo sina la kubisha. Mpare akijishtaki mwenyewe, kesi imekwisha."

Alama mpya zilitumwa jioni hiyo. Kesho yake simu zilianza, na Nakijwa alizipokea mwenyewe kwa sababu aliona ni haki. Watu thelathini na wanane walimgombeza. Mmoja alimwita mchawi wa nyaya, tusi ambalo hakuwahi kulisikia na aliliandika pembeni. Simu ya thelathini na tisa ilikuwa ya mwanamke.

"Mwanangu, hujambo? Mimi Naetwe, mwalimu, niko Ugweno huku."

"Sijambo, mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Habari za kazi?"

"Nzuri. Habari za huko?"

"Njema kabisa." Nakijwa alinyamaza, akangoja. Alihesabu sekunde kimoyomoyo, zilifika tano. "Sasa mwanangu, nikuambie. Miezi minne mguu huu unaniuma, na hicho kitambaa kila siku themanini na sita, themanini na sita. Nikasema basi, ni uvivu, ni uzee umeanza, mguu wenyewe hauna kitu. Nikajikaza. Nikawa nalia njiani, nikifika nyumbani nanawa uso. Leo kimeniambia hamsini na mbili. Nimecheka, mwanangu! Mpaka mume wangu akatoka shambani kuuliza nani amefanya nini. Nikamwambia, mimi si mvivu, ni mgonjwa!"

"Nisamehe, mwalimu."

"Nikusamehe nini? Nakushukuru."

Baada ya simu hiyo Nakijwa alifungua faili ambalo alikuwa amelipa jina la "Ajali." Ndani yake kulikuwa na watu kumi na tisa waliokatika kano katika miaka miwili. Alikuwa ameandika sababu za kila mmoja: utelezi, jiwe, kiatu kibovu. Alitazama alama zao za asubuhi ya kuumia. Zote zilizidi themanini. Alibadilisha jina la faili likawa "Makosa Yangu," akawaandikia watu hao kumi na tisa barua, kila mmoja yake, akieleza kilichotokea na akitaja sekunde mbili zile. Ilimchukua siku mbili. Hakutumia mashine kuziandika.

Kisha akarudi kwa Ndewirwa.

"Kukimbia, hapana," tabibu alisema. "Lakini kano haipendi kitanda pia. Inapenda mzigo wa polepole. Kanuni yenu inasema nini juu ya kutembea?"

"Haisemi kitu. Inazuia namba tu."

"Nani aliiandika ikavuja hivyo?"

"Mimi."

"Mungu ni mwema. Sikiliza basi. Nakuwekea kabari ya kizibo ndani ya kiatu, milimita kumi, kisigino kisishuke sana. Utatembea. Maumivu mpaka manne katika kumi, ruhusa. Kano hujengeka hapo. Yakifika matano, unageuka. Hata kama umebakiza hatua moja. Nami nakuja, nikuone."

"Wewe utaweza mlima?"

"Mimi nimezaliwa Kilimanjaro, mama. Hivi vichuguu vyenu nitavipanda na kahawa mkononi."

Siku ya mashindano wakimbiaji waliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Dakika tano baadaye, bila mlio wowote wa kuwaruhusu, waliondoka watembeao. Nakijwa alitegemea kuwa na Ndewirwa peke yake. Lakini habari ya kutembea ilikuwa imeenea, na walikuja watu mia na thelathini kati ya wale mia mbili na kumi na wawili. Walichechemea kwa mitindo yote inayojulikana na sayansi. Mwalimu Naetwe, mwanamke mfupi mwenye kofia ya majani, alitembea mbele akiwapangia zamu za kusimulia vichekesho, na kufikia kilomita ya nane alikuwa amemfukuza mtu mmoja kwa kurudia kichekesho.

Kisikizi cha Nakijwa, ambacho sasa alikuwa amekifundisha kukadiria maumivu kutoka sifuri hadi kumi, kilisema mbili, kikasema mbili, kikasema tatu. Kilomita ya kumi na saba waliipita akiwa anabishana na Ndewirwa kuhusu mbege ya Wachaga na dengelua ya Wapare, pombe ipi ilianza kunywewa na watu waungwana, na hakutambua kwamba ameipita mpaka alipoona kibao cha kumi na nane. Alisimama akakitazama. Hakuwahi kukiona kwa karibu. Kilikuwa kimeandikwa vibaya, rangi imechuruzika.

Katika kilomita ya kumi na tisa msitu ulifunguka. Kilele kilionekana chote, na hema la kumalizia, na vitambaa vyekundu. Kelele za watu zilifika. Zilibaki kilomita mbili kasoro kidogo, za mwinuko mkali kuliko zote. Nakijwa alipiga hatua kumi, kumi na tano. Hatua ya kumi na sita, moto ulipanda kutoka kisigino hadi nusu ya mguu. Alisimama.

Ndewirwa, nyuma yake, alikuwa anahema kama mvukuto na hakuwa na kahawa.

Nakijwa aliutazama mlima kwa muda ambao alikadiria kuwa sekunde kumi.

"Tano," alisema.

"Una hakika? Hapo ni pua na mdomo."

"Tano, Mchaga. Geuka. Nawe unafurahi, usijifanye. Ulikuwa unakaribia kufa."

"Nilikuwa nakusindikiza tu," alisema tabibu, akageuka haraka kuliko alivyopanda.

Mwalimu Naetwe alipita na kundi lake, akampigia Nakijwa saluti ya kofia, akaendelea kupanda. Nakijwa aliweka mguu wa kushoto chini, kwa upole, kuelekea Mwanga. Ndipo sauti ya mama mpole ilipoanza kuongea sikioni mwake, ikimwomba ataje maumivu yake kwa namba. Kwenye kioo kidogo cha mkononi kifaa kilikuwa tayari, kabla hajajibu, kimeandika kadirio lake chenyewe: tano.