Leah na Mchuja Nta

Leah Nathanaeli hakuwa na subira hata na maji ya chai. Siku ya mnada pale Mkiwa, mwaka hamsini na nne, alikuwa akilikimbilia lori la Singida alipojigonga kwenye sufuria ya kijana mmoja aliyekuwa akichuja nta. Nta ya moto ikaruka kwenye gauni lake la bluu lenye kola nyeupe.

"Pole, dada."

"Pole yako itafua gauni?"

"Haifuliwi. Ngoja ipoe, utaibandua kwa ukucha."

Lori likaondoka. Nta ikabanduka yote, na Leah akajikuta hana tena haja ya lori.

Kijana aliitwa Mughwai. Wenzake walichemsha masega, wakachuja mara moja, wakauza. Yeye alichuja mara tatu. Katika miezi sita ya mapenzi yao, ni hilo tu lililomkera Leah.

"Mpenzi, wenzako wameshanunua baiskeli."

"Baiskeli itakuja. Nta chafu sipeleki mnadani."

"Huna hamu ya kufika popote, Mughwai. Mimi nitakuwa mkunga, na nitaolewa na mtu anayekwenda."

Mughwai akarudi kwenye chujio lake. Leah akauona utulivu ule kuwa ni uvivu, akaacha kumwandikia barua.

Oktoba akaenda Kilimatinde kufanya mtihani wa kuingia mafunzo ya ukunga. Kama kawaida yake alimaliza wa kwanza, akatoka kichwa juu huku wenzake bado wameinamia karatasi. Baadaye Hana, rafiki yake, akamuuliza, "Yale maswali ya nyuma ya karatasi umeyaonaje?"

Leah hakuwa ameigeuza karatasi.

Kesho yake alikuwa Mkiwa. Alimkuta Mughwai amechutama penye moto, mikono ya shati imekunjwa, ananuka asali na moshi.

"Nimeanguka," Leah alisema. "Mimi na haraka yangu. Nilidhani wewe ndiye usiye na hamu."

"Ninayo, mama. Nataka siku moja wanunuzi waipokee nta yangu bila kufungua gunia. Sijui tu kuipigia kelele." Akamsogezea kigoda. "Na wewe nakutaka. Mshenga ametoka alfajiri kwenda kwa baba yako."

Jibu la ndiyo lilikuwa limeshafika ulimini. Leah akalizuia, na kulizuia kulimuuma.

"Ningoje mwaka mmoja. Nirudie mtihani kwanza."

Mughwai alisimama, akakaa, akasimama tena. "Mwaka mzima, Leah?"

"Mzima. Na mwaka huo utaniua mimi kabla yako," akasema, akaushika mkono wake, hakuuachia.