Sweta Jekundu la Doto

Jioni Sikudhani aliliacha gari la mashine yake ya kufumia upande wa kulia, kama alivyozoea miaka yote. Asubuhi alilikuta kushoto. Tena kwenye sindano kulikuwa na mstari mpya wa mishono, mwekundu, umenyooka vizuri kuliko wa kwake.

Karatu nzima iliijua mashine ile ya kufumia. Aliipata kwa mzungu wa shamba la kahawa Oldeani aliyefungasha akarudi kwao. Ilikuwa kitanda kirefu cha chuma chenye safu ya sindano, kila sindano na kilimi chake, na juu yake lile gari la kusukuma kwa mkono linalopita na uzi huku na huko, chwaa, chwaa. Ubavuni kulikuwa na kihesabu kilicholia tik kila mstari ulipoisha. Chini ya kitambaa yalining'inia mawe ya chuma ya kukivuta. Ukiitia kadi ya matundu, ilikuchorea maua, bata, unachotaka. Kitu kimoja tu haikukiweza, nacho ni kufunga. Itafuma mpaka kiama, lakini mstari wa mwisho lazima ufungwe na mkono wa mtu, mshono kwa mshono. Usipoufunga, vuta uzi mmoja tu na kazi yote inarudi kuwa uzi. Liwekeni hilo akilini.

Mwaka ule vita vya Uganda vilikuwa vimekwisha, na madukani kumebaki rafu na wenye maduka. Sufu haikuonekana hata kwa dawa. Masika, surua ikamchukua Doto, mdogo wa mapacha wake, yule aliyeshindwa kutamka "baridi", akisema "balidi" mpaka mama yake anacheka machozi. Mumewe Hamidi, dereva wa lori, aliagiza kabla ya kusafiri, "Arobaini ikipita, lile sweta lake litoe sadaka. Nguo ya marehemu haikai ndani."

Sikudhani akaitikia. Lakini baridi ya Juni ilipoingia na ukungu kushuka kutoka kreta mpaka sokoni, alimtazama Kurwa, pacha aliyebaki, anavyotetemeka, na uzi hakuna. Akalifumua sweta la Doto, akaanza kumfumia Kurwa kubwa zaidi. Sasa, uzi uliofumuliwa hujikunja, hushika umbo la pale ulipokuwa, ndiyo maana kila mfumaji huuchemsha kwanza ili usahau. Yeye hakuuchemsha. Ulikuwa bado unanukia Doto, moshi na samli, naye hakuwa na moyo wa kuizamisha harufu ile kwenye maji ya moto. Nani amlaumu? Mimi simlaumu. Lakini kikulacho ki nguoni mwako.

Tangu mstari ule mwekundu wa asubuhi ile, kazi ikawa inakwenda yenyewe kila ukungu ulipoziba dirisha. Sikudhani akiwa jikoni alisikia chwaa, chwaa, tik. Akikimbilia chumbani hakuti mtu, gari tu limesimama, lina joto. Kadi ya matundu ilikuwa kabatini, lakini kitambaa kilichora watoto wawili walioshikana mikono, kama lilivyokuwa sweta la Doto. Kila safu mpya, yule wa kushoto alipungua. Safu moja hakuwa na miguu. Iliyofuata hakuwa na mikono. Harufu ya samli ilikwisha, ikaja ya udongo uliochimbuliwa.

Na Kurwa akaacha kutembea. Kisha akaacha kushika kikombe.

"Unaumwa wapi, mwanangu?"

"Siumwi, mama. Miguu sina tu."

Siku jua lilipochungulia, Sikudhani alimtandikia mkeka nje. Naeku, mama wa Kimaasai aliyekuwa akiwaletea maziwa, alifika na kibuyu chake, akachuchumaa kumshika mtoto mkono. Ghafla akainua kichwa.

"Mama Kurwa," alinong'ona, "huko ndani ni nani anakuita mama?"

"Labda Kurwa."

"Kurwa huyu nimemshika. Hajafungua mdomo."

Ni Naeku aliyemleta Mzee Qamara, mganga wa Kiiraqw. Mzee hakuvuka kizingiti. Alinusa tu, akatema mate.

"Huyu si mtoto wako aliyekufa," alisema kwa sauti ya chini. "Mtoto wako amelala, hana neno na wewe. Hili ni jini, lilikuwa linatafuta nguo yenye umbo la mtu. Wewe ukalipatia uzi ambao haujasahau. Sasa linajifumia mwili, na sufu yake ni huyu binti."

"Nifanye nini, babu?"

"Mlaze mtoto karibu na mashine. Fumua. Kwa mkono wako, siyo wangu, mpaka uzi wa mwisho. Kila uzi utakaotoka utamrudia. Litalia kwa sauti unayoipenda. Wewe vuta tu. Ila usilifungie. Umesikia? Usilifungie."

Sikudhani akamlaza Kurwa kitandani nyuma yake, akamfunika blanketi, akashika ncha ya uzi, akavuta. Mstari ukatoka, na wa pili, na kihesabu kikaanza kurudi nyuma chenyewe, tik, tik, na yale mawe ya chuma chini ya kitambaa yakaanza kuyumba kama kuna mtu mdogo ameyakumbatia akipiga mateke, na harufu ya udongo ikampanda kooni hata machozi yakamtoka, naye akavuta, akavuta, huku nje mzee akipiga kelele "Vuta!", mpaka kitambaa kikapaza sauti, sauti ya Kurwa hasa, ikilia, "Mama, nafumuka! Mama, naisha! Nifunge, mama, nifunge!", na mishono ikaanza kuachia yenyewe, ikiporomoka sindano kwa sindano.

Laiti angegeuka. Angeona blanketi linavyotikisika, vidole vya miguu ya Kurwa vinavyocheza chini yake. Lakini mfumaji akiona mishono inaporomoka, mikono hutangulia akili. Aliokota sindano ya mkononi, akaidaka mishono, akaifunga mmoja baada ya mwingine, haraka na vizuri, kama alivyofanya maisha yake yote.

Kilio kikakatika. Kihesabu kikajirudisha sufuri.

Nyuma yake kitanda kililia. Mtoto alikuwa amekaa. Sindano zilikuwa tupu, na sweta jekundu lilikuwa mwilini mwake, limemkaa sawasawa.

"Ahsante, mama," alisema. "Huko kulikuwa na balidi."

"Umefunga?" Mzee Qamara aliuliza kutoka nje. Alichungulia, akaliona sweta. Akaanza kufunga mkoba wake.

"Babu, mtoe! Nakuomba, mtoe!"

"Nilikuja kumtoa mgeni, mama. Huyu sasa ni mwenyeji."

Naeku aliondoka naye, akasahau hata kibuyu.

Kesho yake Sikudhani alichukua mkasi, akakata uzi mmoja kwenye pindo. Ndani ya sufu mtu akapiga ukelele, "Mama, ni mimi!" Na huyo alikuwa Kurwa kweli. Mkasi ukamwanguka. Hakuushika tena.

Hamidi alirudi jioni hiyo, vumbi mpaka kwenye nyusi. Sokoni alikuwa ameambiwa mtoto hatembei; alipoona binti yake anamkimbilia, alilia kwa furaha, akamrusha juu.

"Na sweta zuri hili! Mama yako fundi."

"Baba, simama nikupime," alisema mtoto. Mkononi alikuwa na futi ya mama yake. "Na wewe utasikia balidi."

Hamidi akacheka, akanyoosha mikono. Sikudhani alifungua mdomo amwambie, akaona mtoto anamtazama huku ameushika uzi ulioning'inia pindoni, anauvuta kidogo, kidogo tu. Akaufunga mdomo.

Chumbani, chwaa. Tik.