Ndala ya Kushoto ya Mama Alfonsi

Nyumbani kwangu Kizwite asubuhi huanza kwa kutafuta kitu kilichopotea. Jumatatu nilitafuta wembe. Jumanne nilitafuta kifuniko cha sufuria, nikakikuta uani kimejaa wino. Jumatano nilipotandika kitanda niliona godoro langu limenyofolewa pembeni. Nilitaka kuwalaumu panya, lakini panya hawakati kipande cha pembe nne zilizonyooka. Nikamwita mjukuu wangu Scola, naye akaja ameficha mikono mgongoni.

"Lete mikono hiyo niione," nikamwambia.

Vidole vyote kumi vilikuwa vya bluu.

Scola ana miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita. Tangu Mwalimu Getruda awafundishe kutengeneza kadi kwa mihuri ya raba, nyumba yangu imegeuka kiwanda. Kazi yenyewe ni nzuri, sikatai. Unachukua ndala iliyochakaa, unachora picha juu ya raba yake, kisha kwa wembe unaondoa raba yote isiyo picha. Picha inabaki imeinuka. Unaibandika kwenye kipande cha ubao kwa gundi ya viatu, unaigusisha kwenye sifongo yenye wino, halafu unaigandamiza kwenye karatasi ya manila. Ukiinua mkono, ua limechanua kwenye karatasi. Sifongo yenyewe, kama mnavyojua sasa, ilikuwa godoro langu.

Mwalimu aliwaonya mambo mawili. Wembe usishikwe bila mtu mzima kuwa karibu, na ndala ya kukata iwe imekwisha kazi, tena mwenyewe aombwe kwanza. Onyo la kwanza Scola alilishika mwanzoni, kwa kuwa mimi mwenyewe nilikaa naye huku nikipukuchua mahindi. Onyo la pili lilimponyoka.

Kila alasiri alikuja rafiki yake Minza, mtoto wa jirani yetu Masanja, mfugaji aliyehamia hapa na ng'ombe wake kutoka Usukumani. Minza hakuja peke yake. Alifuatwa na mbwa wao Soja, mbwa wa rangi ya udongo, mkubwa kama ndama, mwenye tabia ya kulala katikati ya mlango ili kila mtu amruke. Mimi niliwategea vitendawili ili kazi iende.

"Kitendawili."

"Tega."

"Hana meno wala ulimi. Akinywa wino hubusu karatasi, na busu lake halifutiki."

"Muhuri," wakajibu pamoja, wakacheka.

Siku ya wazazi shuleni ilikuwa inakaribia. Mwalimu alikuwa ameahidi kwamba kadi nzuri kuliko zote ingetundikwa mlangoni ambapo kila mgeni angeiona, na Scola alitaka iwe yake. Alitaka kuchonga njiwa mkubwa mwenye mabawa yaliyokunjuka. Tatizo lilikuwa raba. Ndala kuukuu za nyumba hii zimekanyaga mawe miaka mingi, nazo ni nyembamba na ngumu. Kila alipofika kwenye bawa, wembe uliteleza na bawa likakatika. Alichonga njiwa wa bawa moja, kisha njiwa asiye na kichwa. Akanuna, akasema hiyo ni raba ya kuchongea konokono tu. Nilimwambia achonge basi konokono. Hakucheka.

Alhamisi jumuiya yetu ya kanisa ilisali kwangu. Ulikuwa mwezi wa sita, na upepo wa Ufipa mwezi huo unaingia hadi kwenye mifupa, kwa hiyo tulifunga mlango tukakaa ndani karibu na moto. Ndala zilibaki nje kizingitini. Sisi wanawake wa jumuiya tuna desturi yetu: kila mmoja hutia alama kwenye ndala zake kwa msumari wa moto, juu, pale kisigino kinapokaa, zisije zikachanganyika. Yangu ni msalaba. Ya Evodia, katibu wetu, ni duara. Ya Mama Alfonsi ni nukta tatu zilizopangwa mstari mmoja, kwa ajili ya watoto wake watatu.

Mama Alfonsi ni mjane, rafiki yangu tangu ujana. Siku hiyo alikuwa na ndala mpya. Mwanawe Alfonsi, mvuvi wa kule Kirando, alimtumia pamoja na dagaa. Zilikuwa nene, nyeupe juu na bluu chini, laini kama mkate. Alituonyesha kabla ya kuzivua, nasi tukazisifu.

Tulipomaliza kusali, ndala ya kulia ilikuwepo. Ya kushoto haikuwepo.

Tukatafuta chini ya kochi, nyuma ya tanki la maji, kwenye majani ya alizeti. Soja alikuwa amelala karibu na ua, anatafuna kigunzi cha mahindi. Evodia akamnyooshea kidole. Akasema mbwa wa wafugaji amezoea kutafuna ngozi, akiikosa anakula raba. Wengine wakacheka. Hata mimi niliona maneno yana maana, maana nani mwingine angeiba ndala moja? Mwizi mwenye akili huiba mbili.

Kisha Scola, aliyekuwa anakusanya vikombe vya chai, akasema bila kuulizwa, "Mimi nilimwona Soja akipita hapo mlangoni na kitu mdomoni."

Hapo kesi ikafungwa. Mama Alfonsi, ambaye mguu wake wa kushoto una jeraha la zamani lisilopenda baridi, akaenda nyumbani na ndala yake mguu wa kulia na buti langu la shambani mguu wa kushoto. Alitembea kama bata aliyekanyaga moto, na bado alinishukuru.

Jioni Masanja akaja. Alikuwa ameshika kofia mikononi, akaniamkia, akakataa kuketi.

"Mama, sisi ni wageni hapa," akasema. "Nilikuja na ng'ombe, sikuja na ugomvi."

Akaniambia kwamba Jumamosi asubuhi lori la mahindi lingeshuka bondeni, naye angempandisha Soja aende kwa mdogo wake huko. Nilimwambia jambo lenyewe si kubwa kiasi hicho. Akajibu kwamba mbwa akishajulikana kuwa mwizi, kila kinachopotea mtaani kitakuwa mdomoni mwake, na mdomoni mwa mwenye mbwa pia. Nyuma yangu Scola alikuwa anaosha chungu kimoja, na aliendelea kukiosha mpaka Masanja akaondoka.

Ijumaa Scola hakumaliza ugali wake. Nilidhani ni huzuni ya Soja. Njiwa wake alikuwa amekamilika ghafla, mabawa mawili, unyoya kwa unyoya, na nilipomuuliza raba ameipata wapi alisema amepewa na mwenzake shuleni. Nikaamini. Mtoto anayekuchosha kwa fujo humfikirii kukuchosha kwa uongo.

Alasiri Minza akaja peke yake, macho yamevimba. Alinionyesha kadi aliyopewa na Scola darasani. Kadi iliandikwa POLE kwa kalamu, na chini yake palikuwa na picha ya mbwa aliyesimama, ameinua mkia. Alikuwa Soja kabisa, hata sikio lake moja lililolala. Minza alisema ataitunza kadi hiyo, kwa kuwa kesho atabaki nayo tu.

"Ila hapa amekosea kidogo, Bibi," akaniambia. "Soja hana madoa. Scola anasema ni ubovu wa raba."

Nikavaa miwani. Kwenye tumbo la yule mbwa, wino haukushika mahali patatu. Palikuwa na nukta tatu nyeupe zilizopangwa mstari mmoja.

Nilirudisha kadi, nikamwambia Minza aende nyumbani mapema. Kisha nilikaa. Hasira ilinipanda mpaka nikaona sufuria inachemka nami nachemka. Godoro nilisamehe, wembe nilisamehe. Lakini huyu mtoto alikuwa amechukua ndala ya mjane, akamsingizia mbwa, kisha akaichonga ndala ileile kuwa picha ya mbwa yuleyule ili amfariji mwenye mbwa. Wewe uliwahi kusikia jambo kama hilo?

Alipokuja kuandaa sahani nikamwambia, "Kitendawili."

"Tega," akajibu kwa sauti ndogo.

"Mapacha wangu hutembea pamoja. Mmoja akipotea, mwenzake anakosa kazi."

Akatazama chini. "Mkasi, Bibi."

"Mkasi haupotei nusu. Jaribu tena."

Akafuta sahani ambayo tayari ilikuwa safi.

"Basi nikutegee kingine. Mbwa gani ana nukta tatu tumboni?"

Sahani ikamtoka mkononi. Akalia, na akiwa analia yote yakatoka. Alitaka kukata kipande kidogo tu cha kisigino, arudishe. Wembe ulipoingia kwenye raba ile laini akashindwa kuacha. Watu walipoanza kutafuta akaogopa, na Soja alikuwa pale pale, tena Soja hawezi kusema. Akaniomba nimwambie Masanja mimi, kwa kuwa mimi ni mtu mzima na nitasikilizwa.

"Mimi sikukata ndala," nikamwambia. "Na si mimi niliyesema nimemwona mbwa. Mdomo uliomfunga Soja ndio utakaomfungua. Lori linaondoka asubuhi."

Sikumpiga. Sikumwambia neno lingine, na hilo lilimuuma kuliko fimbo, nilimwona.

Alfajiri nilipoamka kitanda chake kilikuwa kitupu, na mihuri miwili, wa njiwa na wa mbwa, haikuwepo kwenye kifuniko cha sufuria. Nikajifunga kanga ya pili kwa ajili ya baridi, nikatoka hadi kwenye ua. Lori lilikuwa barabarani, vijana wanapakia magunia. Masanja alikuwa amemshika Soja kwa kamba, na Minza amemkumbatia shingoni. Nilitafuta Scola kwa macho, sikumwona. Nikawaza, amekimbia huyu.

Ndipo nikasikia buti. Kishindo kimoja kizito, kimoja chepesi, kizito, chepesi. Mama Alfonsi alikuwa anakuja na ndala yake na buti langu, amejishikiza begani kwa Scola. Mtoto alikuwa amekwenda kwake gizani peke yake, amebisha hodi na kuungama kwa mwenye mali kwanza.

Scola alisimama mbele ya Masanja, akanyoosha mkono wenye mihuri. Wapakiaji wakaacha magunia.

"Shikamoo, Baba Minza. Soja hakuchukua ndala. Niliichukua mimi, nikaikata. Niliposema nimemwona nilidanganya."

Masanja aliipokea mihuri, akaigeuza, akaona raba nyeupe na bluu na zile nukta. Kisha akamwambia kwamba alikuwa tayari kumtoa mlinzi wa ndama wake kwa neno la mtoto, kwa sababu hakudhani mtoto wa nyumba ile angeweza kusema uongo. Alisema hayo kwa upole tu, na Scola akajikunja kama jani.

Mama Alfonsi akamwinamia mbwa, akamkuna kichwa. "Huyu ameniomba radhi kwa mkia na wala hana kosa," akasema. "Wewe, Scola, utaniomba kwa nini?"

"Kwa maji, Bibi. Nitakuchotea maji kila siku mpaka mguu wako upone."

"Mguu huu unauma mwaka wa nane sasa. Umejifunga mwenyewe."

Wapakiaji wakacheka, kamba ikafunguliwa. Soja akakimbia moja kwa moja kwenda kulala mlangoni kwangu. Minza hakucheka. Alitoa ile kadi kwenye mfuko wa sweta, akamrudishia Scola mkononi, akamfuata mbwa wake. Nilitaka kumwita, nikajizuia. Lile lilikuwa deni la Scola.

Mama Alfonsi nilimpa ndala zangu za kanisani. Jumapili nikaenda misa na mabuti, Scola akitembea nyuma yangu ameinamisha kichwa, na kila aliyeniuliza kuhusu mabuti nilimwelekeza kwa mjukuu wangu amweleze. Alieleza mara nyingi siku hiyo.

Jumatatu alimwambia Mwalimu Getruda kwamba njiwa wake ametoka kwenye raba ya wizi. Mwalimu akaweka njiwa kando. Scola akachonga upya kwenye ndala yangu kuukuu niliyompa mwenyewe, ile ngumu, akachonga konokono. Siku ya wazazi mlangoni ilitundikwa kadi ya mtoto mwingine. Konokono alikuwa pembeni, nyumba yake imepinda kidogo, na chini ya meza palikuwa na Minza anamsaidia Scola kufuta gundi iliyomwagika. Sikuuliza walipatana lini.

Njiani kurudi nyumbani nilimwambia Scola neno ambalo nawaambia na ninyi mnaosoma. Kitu cha mtu, hata kikiwa kisigino cha ndala, kiombe kwanza. Na ukikosea, usimpe mzigo asiyeweza kusema, kwa maana uongo una tabia ya muhuri: unaweza kuuchonga kwa ustadi wote, lakini alama iliyokuwa kwenye raba itatokea kwenye karatasi. Kweli huuma mara moja, na baada ya hapo unakula ugali wako ukamaliza.

Wiki iliyofuata ndala yangu ya kulia ikapotea. Nilitoka uani nimefura, nimeshajaza kifua.

"Safari hii si mimi, Bibi," Scola akasema, akanyoosha mkono wenye ndoo ya maji ya Mama Alfonsi.

Nikafunga mdomo, nikazunguka nyuma ya tanki. Soja alikuwa amelala hapo, mkia unapiga vumbi, nusu ya ndala kati ya miguu yake. Nikaiokota, nikavaa miwani, nikatazama alama za meno kwanza.